Sosholojia si Maneno Matupu

Ndugu mwandishi, umedai kwamba sosholojia ni shahada ya maneno matupu na kijana wa Voi asome uhandisi wa madini tu. Sikubali. Chini ya kila shimo la vito Taita Taveta kuna swali la nani mwenye ardhi, nani mwenye leseni na nani anayechimba kwa kujificha. Hilo ni somo la matabaka na la kazi.

Tazama Sagalla, humohumo Taita Taveta. Hifadhi za Tsavo, zilizoanzishwa 1948, zimeshika zaidi ya nusu ya kaunti, na ndovu hawajui mpaka, huingia mashambani. Wakulima wakawekewa uzio wa mizinga, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Sayansi nzuri kabisa! Lakini nani ataitunza mizinga ukame ukija, mume au mke? Asali ni ya nani? Hapo ndipo sosholojia ya mazingira na ya familia huanza kazi.

Nakupa haki kwa jambo moja: wanafunzi wengi hukariri Durkheim na Weber, waasisi wa sosholojia, bila kutumwa Mwatate kuwauliza wakata mkonge wanaishije. Basi tudai watumwe, badala ya kudai idara ifungwe.