NDEGE ILIYOKULA CHUMVI SI GOFU

Imezuka kasumba moja ambayo haifai kuachwa bila kujibiwa. Kila inapotajwa habari ya kuwapatia wakulima wa Mbeya na Iringa ndege ya mizigo, husimama wajuzi wa barazani na kutamka kwamba ama iletwe mpya kutoka kiwandani, ama isije kabisa. Ndege ya abiria iliyogeuzwa kuwa ya shehena huiita mtumba, gofu, jeneza linaloruka. Wengi wa wasemao hivyo hawajapata kupanda hata mche mmoja wa parachichi.

Ndugu zetu hao hawana budi kuelewa kwamba umri wa ndege hauhesabiwi kwa siku yake ya kuzaliwa. Kila ipaapo, bodi yake hujazwa hewa ikatanuka. Kila ituapo, hunywea. Kutanuka na kunywea huko ndiko kunakochosha bati na misumari yake. Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyong'oka paa angani huko Hawaii tarehe 28 Aprili 1988, ikamuua mhudumu mmoja, ilikuwa na umri wa miaka 19 tu. Lakini ilikuwa imekwisha paa na kutua karibu mara 90,000, ikirukaruka baina ya visiwa katika hewa ya chumvi. Ndege kubwa ya safari ndefu yaweza kutimiza miaka 20 bila kufikia hata nusu ya hesabu hiyo. Basi ipi kati ya hizo mbili ndiyo kongwe? Baada ya maafa yale Wamarekani hawakupiga marufuku ndege za zamani. Walikaza ukaguzi, na kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2011 wakataka kila aina ya ndege kubwa iwekewe kikomo cha safari na saa, ambacho ikikivuka hairuki tena.

Na kugeuza ndege si kung'oa viti na kutupia magunia. Hukatwa mlango mkubwa ubavuni, mbele ya bawa la kushoto, na mbavu zinazouzunguka huongezewa nguvu. Sakafu huimarishwa, madirisha huzibwa, na nyuma ya marubani husimamishwa kizuizi madhubuti ili mzigo usiwaangukie ndege isimamapo ghafla. Ndege iliyofanyiwa kazi hiyo ikiwa na miaka 15 au 20 huweza kutumika miaka mingine kama hiyo. Kampuni ya Israel Aerospace Industries imejipatia jina kwa kazi hii, na mwaka 2021 Ethiopian Airlines ilitangaza kushirikiana nayo ili kazi hiyo ifanyike Addis Ababa kwa ndege za Boeing 767. Wenzetu wa Nairobi wamekuwa wakisafirisha mizigo kwa ndege za namna hii kwa miaka mingi, wala hatujasikia wakiona haya.

Hapa ndipo penye hesabu ambayo wajuzi wetu hawaigusi. Ndege ya abiria hufanya kazi mchana kutwa na sehemu ya usiku. Ya mizigo huruka saa chache, mara nyingi usiku, kisha hungoja mzigo. Ndege mpya ikilala uwanjani inakula mkopo wake ikiwa imelala. Iliyogeuzwa imekwisha kulipiwa sehemu kubwa ya thamani yake na abiria wa miaka iliyopita. Hunywa mafuta zaidi, ni kweli, lakini hunywa inaporuka tu.

Taifa letu lilinunua Boeing 767 mpya ya mizigo, ikatua Dar es Salaam Juni 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54 hivi. Ni jambo la fahari. Lakini ni nani atakayejaza tani 54 pale Songwe, wiki baada ya wiki, masika na kiangazi? Boeing 737-800 iliyogeuzwa, aina iliyoanza kutumika mwaka 2018, hubeba tani 20 na ushei. Hiyo itajaa. Inaweza kuchukua maharage machanga na mboga za Iringa, ikailisha ile kubwa kule Dar es Salaam kabla mzigo haujanyauka kwenye kona za Kitonga. Isifichwe kwamba haiwezi kufika Dubai ikiwa imejaa bila kutua njiani, na kwamba Songwe, uwanja ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, hudai njia ndefu. Njia hiyo ipo. Uwanja uliofunguliwa mwaka 2012 una zaidi ya kilomita tatu za lami.

Wala hatusemi parachichi zote za Rungwe na Mufindi zipande ndege. Parachichi huvumilia meli yenye baridi, na anayemwahidi mkulima vinginevyo anamdanganya. Nyanda hizi zimekwisha kuona kazi ya ndege na mipaka yake. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, ndege za Britannia, aina iliyoundwa kwa ajili ya abiria, zilibeba mapipa ya mafuta kwenda Zambia, huku malori yakizama katika matope ya barabara ya Iringa na Mbeya. Zilichoma mafuta mengi ili kufikisha mafuta. Lakini zilifikisha, na bomba la TAZAMA likaja kukamilika mwaka 1968.

Hata Shirika letu la Ndege, lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika lile la Afrika Mashariki, lilichagua Boeing 737 zenye mlango mkubwa wa shehena ubavuni, ziweze kubeba watu au mizigo. Wazee hao hawakuona aibu kuchanganya.

Tahadhari ni moja, nayo ndiyo ingestahili makelele yanayopotezwa barazani. Ndege kuukuu isiyo na daftari kamili la matengenezo haina bei, hata ikitolewa bure. Atakayekuja kutuuzia aulizwe idadi ya safari zake, mahali ilipofanyia kazi, na fundi aliyetia sahihi kila ukaguzi mkubwa. Asipokuwa na majibu, aonyeshwe mlango. Akiwa nayo, wakaguzi wetu waipande, na vyumba vya baridi vya Songwe viwe tayari kabla haijatua.