ADA YA DALALI ILIPWE NA NANI?



Atafutaye chumba hapa Nyanchwa aweza kudaiwa fedha mara tatu kabla hajalala humo hata usiku mmoja. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 5,000 kwa mwezi. Kodi 5,000, amana 5,000, na dalali akitaka nusu ya kodi, 2,500. Jumla ni shilingi 12,500. Amana yaweza kurudi siku ya kuhama. Ile 2,500 hairudi kamwe.

Hatusemi dalali asilipwe. Sisi wa chama hatuwezi kumnyima mtu ujira wa jasho lake. Twauliza tu: nani aliyemtuma? Ni mwenye nyumba, basi na amlipe yeye.

Wengine husema mwenye nyumba atapandisha kodi. Huenda. Lakini kodi hutajwa wazi, na mtu aweza kulinganisha chumba na chumba. Huko Uingereza mawakala walikatazwa kuwatoza wapangaji ada kama hizi tangu tarehe 1 Juni 2019.

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 1984 yamtaka wakala wa nyumba awe ameandikishwa na Bodi. Basi ndugu, kabla ya kufungua mfuko, ulizeni cheti, na mkilipa chochote daini risiti.

Mmoja akikataa peke yake, chumba hupewa mwingine. Tukikataa sote, dalali atakwenda kumdai aliyemtuma.