Akili bandia haiwezi kumhoji mzee wa Katuba

Katika komine ya Katuba, mjini Lubumbashi, mwanafunzi mwenye simu na mega kidogo anaweza kuuliza ChatGPT swali la chuo kikuu na kupata, baada ya sekunde chache, ukurasa mzima kwa Kifaransa safi. Tangu chombo hicho kilipofunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, jaribu la kunakili limekuwa kubwa.

Kwa yule anayezungumza Kiswahili nyumbani na kuandika masomo yake kwa Kifaransa, kusaidiwa kusahihisha sentensi si kosa. Hatari inaanza pale mashine inapofikiri mahali pake.

Mashine hiyo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, haipimi ukweli. Ikikosa habari, inaweza kubuni vitabu, waandishi na tarehe. Juni 2023, mjini New York, jaji aliwatoza wanasheria wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000, sababu walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Ikiwa wanasheria walinaswa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajikinga vipi?

Kwa Katuba hatari ni kubwa zaidi, maana mambo mengi ya hapa hayamo katika intaneti. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Namna familia zao zilivyoishi baadaye, wanaojua vizuri ni wazee wenyewe. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika historia ya wafanyakazi wa Katanga kwa kuwasikiliza watu kama hao. Mwanafunzi anayeomba mashine impe ushuhuda wa mfanyakazi atapewa maneno ya mtu asiyekuwepo, huku shahidi wa kweli ameketi mlangoni kwa jirani. Na wazee hao hawatakuwepo siku zote.

Kukataza tu hakutatosha. Vyuo viandike wazi kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, na mwanafunzi aseme mahali alipotumia akili bandia. Walimu nao wamwombe kila mmoja aonyeshe vitabu alivyosoma na aeleze kazi yake kwa mdomo.

Diploma inaweza kupatikana kwa kunakili, ujuzi hapana. Mgonjwa kitandani na wachimbaji chini ya mgodi ndio watakaolipa tofauti hiyo.