Nywila ya Admini Hailindi Unachodhani
Mtu wa takwimu akihitaji pakeji ya R au Python kwenye kompyuta ya kazini, huambiwa aandike ombi, mkuu wa idara atie saini, kisha asubiri kijana wa IT aje kuingiza nywila ya admini. Nywila ikishaingizwa, wote watatu huamini kwamba usalama umezingatiwa. Wapi!

Kwanza, nywila yenyewe haikuhitajika. R kwenye Windows ikikuta folda kuu imefungwa, inakuuliza kama ungependa maktaba yako binafsi, ukikubali, yamekwisha. Pip, kisakinishi cha pakeji za Python, haiulizi hata hilo: tangu toleo la 20.0 la Januari 2020, ikinyimwa folda ya mfumo inahamia yenyewe kwenye folda ya mtumiaji. Venv, inayoupa kila mradi chumba chake, imo ndani ya Python tangu 2012. Hakuna udukuzi hapo, ndivyo zana hizi zilivyoundwa.

Watetezi wa nywila watasema angalau inazuia programu hasidi. Hapo ndipo imani hii inapokuwa hatari. Kati ya tarehe 25 na 30 Desemba 2022, watu waliosakinisha kwa pip toleo la majaribio la PyTorch, pakeji ya kujifunza kwa mashine, kwenye Linux waliletewa pakeji bandia, torchtriton, iliyopandishwa PyPI, hazina ya umma ya pakeji za Python, kwa jina lile lile la pakeji halali. Ilikuwa na uwezo wa kusoma funguo za SSH, mipangilio ya Git na faili 1,000 za mwanzo kwenye folda ya mtumiaji, na kuzituma nje. Uadmini wa nini? Ripoti, data za wateja na paswedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, vyote viko chini ya mtumiaji wa kawaida. Admini analinda Windows, ambayo hata ikiharibika husakinishwa upya na kazi ikaendelea.

Na yule kijana wa IT hasomi msimbo wa pakeji anayoidhinisha. Anaichukua ikiwa haijakaguliwa, kisha anaipa mamlaka makubwa zaidi ya yale ambayo mfanyakazi angeipa. Kwenye Linux, sudo pip, yaani pip yenye mamlaka ya admini, imevuruga zana za mfumo zinazotegemea Python mara nyingi kiasi kwamba Debian 12, ya 2023, inaizuia pip kuigusa Python ya mfumo.

Sisemi kila karani apewe uadmini. Asipewe. Ila tuache kuiita nywila hiyo ulinzi wa pakeji. Ulinzi ni ofisi kuwa na hazina yake ya ndani yenye pakeji zilizokaguliwa, matoleo yakiwa yamefungwa kwa hashi (alama ya kutambulisha faili), na pip kuzuiwa kwenda kwingine kokote. Hilo la mwisho lisipuuzwe: Februari 2021 mtafiti Alex Birsan alionyesha jinsi pakeji ya nje yenye jina la pakeji ya ndani ilivyoweza kupenya hadi Apple na Microsoft.

Kazi hiyo ina gharama na haiishi. Kunyima nywila ni bure, ndiyo maana kunapendwa. Fomu ya ombi ibaki, ila iulize ni pakeji gani, toleo gani, na nani ameikagua. Saini ya mkuu wa idara ifutwe tu. Hajui pakeji ya pandas ni nini, na hakuna sababu ya kumsumbua.