Woking: Mji uliookoa umeme, kisha ukalemewa na madeni

Waislamu wa Afrika Mashariki waliosoma tafsiri ya Kiingereza ya Qur'ani Tukufu iliyoandikwa na Abdullah Yusuf Ali huenda hawajui kwamba mwanachuoni huyo amezikwa Brookwood, karibu na mji wa Woking, kusini-magharibi ya London. Hapo Woking ndipo ulipo Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889 kwa msaada wa Begum wa Bhopal, nao ndio msikiti wa kwanza nchini Uingereza kujengwa tangu msingi kwa ajili ya ibada. Lakini leo si msikiti huo unaotufikisha Woking, bali ni baraza la mji, ambalo habari zake zina mazingatio kwa kila anayelipa ankara ya umeme.

Baraza hilo lilipoanza kushughulikia matumizi yake ya nishati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, halikuanza na mitambo ya kustaajabisha. Lilitenga fungu dogo la fedha kwa ajili ya kuzuia upotevu wa umeme na joto katika majengo yake. Kila pauni iliyookolewa katika ankara ilirudishwa katika fungu lilelile ili igharimie kazi inayofuata. Tunamwomba msomaji asimame hapa kidogo, kwani siri yote imo humu. Katika idara nyingi za serikali, fedha iliyookolewa humezwa na hazina kuu, na afisa aliyebana matumizi hupunguziwa bajeti mwaka unaofuata, kana kwamba ameadhibiwa kwa uadilifu wake. Mama wa nyumbani anayeweka akiba ya mkaa katika kopo mpaka akanunua jiko bora anaielewa hesabu ya Woking kuliko wakurugenzi wengi.

Baada ya hapo ndipo ikaja mitambo. Kinu kikubwa cha umeme kinachochoma makaa au gesi hutupa angani sehemu kubwa ya joto lake, na umeme wenyewe hupungua njiani katika nyaya ndefu. Woking, chini ya usimamizi wa mhandisi Allan Jones, iliweka mitambo midogo ya gesi katikati ya mji, jirani na majengo yanayohudumiwa. Umeme ukapita katika nyaya za karibu, na joto ambalo lingepotea likapitishwa katika mabomba kupasha maji na majumba. Wakati wa kiangazi joto hilohilo liliendesha mitambo ya kupoza hewa. Mwaka 1999 baraza likaanzisha kampuni yake, Thameswey, ili kuendeleza kazi hiyo, na paneli za jua nazo zikaongezwa. Kufikia mwaka 2004 baraza lilikuwa limepunguza nishati inayotumika katika majengo yake kwa takriban nusu, na hewa ya ukaa kwa zaidi ya robo tatu, ikilinganishwa na hali ya mwanzo. Mwaka 2001 lilikuwa limekwisha kutunukiwa tuzo ya Malkia kwa maendeleo endelevu.

Lau habari ingeishia hapo, tungeiandika kwa furaha tupu. Juni 2023 baraza la Woking lilitangaza rasmi kwamba haliwezi tena kumudu matumizi yake. Upungufu uliotarajiwa ulikuwa pauni bilioni 1.2, hali fedha yake ya msingi kwa mwaka ilikuwa pauni milioni 16 tu. Baraza lilikuwa limekopa na kuzikopesha kampuni zake, hasa kwa ajili ya mradi wa Victoria Square wenye minara ya makazi, hoteli na maduka. Thameswey nayo ilikuwa miongoni mwa waliokopeshwa, nayo ilikuwa imepeleka biashara ya nishati hadi Milton Keynes, mji ulio mbali na Woking.

Atakayesema kwamba kuhifadhi mazingira ndiko kulikoufilisi mji huo hajatenda haki. Fungu la miaka ya 1990 lilikua kwa akiba yake lenyewe. Minara iliota juu ya fedha ya watu wengine. Lakini ni haki pia kusema kwamba sifa za jambo la kwanza zilirahisisha imani katika la pili. Baraza lililosifiwa kwa ujasiri husita kuulizwa maswali, na madiwani huona haya kuyauliza. Kuhusu riba iliyoambatana na madeni hayo, Muislamu hahitaji kukumbushwa hukumu yake.

Na sisi je? Nani hajaona taa za barabarani zikiwaka mchana wa jua kali, au feni za msikiti zikizunguka juu ya mikeka mitupu baada ya Isha, ilhali Suratul A'raf, aya ya 31, inakataza israfu? Kuzizima hakuhitaji kampuni wala mkopo. Kunahitaji mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo, na daftari la kuandika ankara ya kila mwezi.

Mwaka 2024 wakazi wa Woking walipandishiwa kodi ya baraza kwa takriban asilimia 10, kiwango kilichohitaji idhini maalumu ya serikali kuu. Waumini wa mji huo wanaosali katika Msikiti wa Shah Jahan nao wamo miongoni mwa wanaolipa.