Umbea Wenye Faida!

Wiki hii nazungumzia umbea. Usinune, nina maana yangu.

Hapa kwetu Njombe, na hata Makambako, kilomita kama 60 kutoka hapa, mtu akiachwa na mumewe usiku, asubuhi mtaa mzima umepata. Lakini uliza gunia la viazi jana limeuzwa shilingi ngapi, watu wanatazamana! Anayejua ni dalali. Ndiyo maana anamtajia mkulima bei anayotaka yeye, tena kwa lumbesa. Na bomba likikauka, unajua ukishafika na ndoo yako. Gazeti la Dar litaandika habari ya bomba lako? Thubutu!

Wenzetu wameshaitafutia dawa. Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, vijana wa huko walitengeneza programu wakaiita Ushahidi. Mtu anatuma ujumbe kwa simu au intaneti kwamba mahali fulani kuna fujo, habari inakaa kwenye ramani, kila mtu anaiona. Mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Dar nako, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwapeleka wanafunzi wa vyuo mitaani, wakishirikiana na wakazi kuchora ramani za maeneo yanayofurika, mpaka mitaro.

Programu kama Ushahidi zinaitwa programu huria. Yaani mpishi hakupi chapati tu, anakupa na namna ya kuipika, chumvi uongeze mwenyewe. Faida yake? Chicago, Marekani, kulikuwa na EveryBlock iliyoanza 2008 kutoa habari za mtaa kwa mtaa. Mwaka 2009 mapishi yake yakawekwa hadharani. Wenye mali walipoifunga 2013, mapishi yalikuwa yameshafika mikononi mwa watu. Duka unaweza kulifunga, mapishi huyafungi!

Sasa sisi vijana tunaoshinda na simu mkononi tunangoja nini? Tuanze na mambo mawili tu, bei ya viazi na maji.

Ila asikudanganye mtu, programu ni chungu tu, na chungu kitupu hakijamshibisha mtu. Anayejua bei ni mama aliyetoka sokoni, anayejua bomba ni aliyerudi na ndoo tupu. Hao wasipotuma habari, hakuna kitu. Na akisema mmoja tuulize wengine wawili kwanza, maana dalali naye ana simu, atatuma bei yake!

Mkulima akishajua bei kabla gunia halijatoka shambani, hapo ndipo dalali atakapojifunza kubembeleza.

Na zile za nani kaachwa na nani? Zisiingie kwenye ramani, jamani. Hizo zibaki kijiweni.

Tukutane wiki ijayo.