Khofu ya Kusi na Sala ya Kaskazi

SAFU YA MWAMBAO WA KUSINI
Na Hamisi Bakari Mwarimbo

Miongoni mwa vijana wetu waliokwenda vyuo vikuu wakarejea Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga na shahada zao, imeenea kauli moja isemwayo kwa yakini kama natija ya hesabu: kwamba mwanadamu alimwamini Mungu kwa sababu aliogopa, na kwamba siku atakapopata dawa ya kila maradhi na bima ya kila mali, khofu itaondoka na imani itafuatana nayo. Kauli hiyo ina nasaba yake katika ilimu ya nafsi. Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, aliitoa mwaka 1927 katika kitabu chake juu ya mustakabali wa dini, ambayo yeye aliihesabu kuwa ni njozi. Akasema kwamba mtu mzima, anapojiona dhaifu mbele ya tufani, maradhi na mauti, humtafuta mbinguni yule baba aliyemlinda alipokuwa mtoto. Siwalaumu vijana kwa kumsoma Freud, na ningefurahi zaidi kama wangemsoma mpaka mwisho. Ninachoomba ni kwamba hoja yake ipimwe hapa kwetu, katika maji na misitu tunayoijua, kabla haijapokelewa kama hukumu iliyokwisha kukatwa.

Shahidi mwema wa nadharia ya khofu ni Bronislaw Malinowski, Mpolandi aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand, katika bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya kwanza ya dunia. Mwaka 1925 aliandika kwamba wavuvi wa huko, walipovua katika maji matulivu ya ndani ya mwamba, ambako samaki ni wa hakika na hatari ni haba, hawakuhitaji uganga wowote. Lakini walipotoka kwenda bahari kuu, ambako mtu aweza kurudi mtupu au asirudi kabisa, waliizingira safari yao kwa kafara na makago ya kila namna. Msomaji wa Gazi au wa Shimoni hana haja ya kupelekwa Pasifiki ili ayafahamu maneno hayo. Mwamba wetu umelala mbele ya Diani; ndani yake, maji yakipwa, mtu huenda kwa miguu kutafuta pweza akarudi nyumbani kabla jua halijawa kali, na nje yake, hasa katika miezi ya kusi, hata nahodha mzoefu hutia nia moyoni kabla ya kutweka tanga. Wazee wa uvuvi wa pwani hii wametoa sadaka ya bahari tangu zamani, na aliyewahi kumngoja mtu wake ufukweni usiku wa upepo hawezi kukana kwamba khofu humfundisha binadamu dua.

Tatizo la nadharia hiyo halimo katika dhoruba. Limo katika shwari. Kusi hupita, kaskazi huingia, bahari hutulia, samaki hujaa madema, na adhana ya alfajiri haipungui hata neno moja. Katika Msikiti wa Kongo, uliosimama tangu karne nyingi penye mlango wa mto Mwachema, watu wamesali siku za neema kama walivyosali siku za dhiki, rakaa zile zile, kwa saa zile zile. Tena izingatiwe kalenda yenyewe: mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa hufuata mwezi mwandamo, hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua, ukauzunguka mwaka mzima kwa muda wa miaka kama 33, ukaangukia kusi, ukaangukia kaskazi, ukaangukia masika na kiangazi, bila kumwuliza mvuvi wala mkulima hatari yake iko wapi. Dini ambayo khofu ya bahari ndiyo mama yake ingefuata misimu ya bahari, na saumu yake ingekuja pamoja na upepo.

Iko nadharia ya pili, ngeni zaidi, ambayo nitaipitia kwa haraka. Stewart Guthrie mwaka 1993, na baada yake Justin Barrett, walieleza kwamba akili ya mwanadamu imeumbwa iwe nyepesi kuhisi kuwa yuko mtendaji hata pale asipoonekana, kwa sababu aliyedhani mchakacho wa majani ni chui, akakimbia, alisalimika hata kama alikosea, ilhali aliyedhani ni upepo alikosea mara moja tu. Huenda ni kweli. Lakini mkulima wa kando ya Shimba Hills asikiaye kishindo usiku katika mahindi yake hukimbia, kisha asubuhi hurudi, akaona kinyesi cha ndovu na mabua yaliyovunjwa, akajua ni ndovu. Hajengi madhabahu kwa ajili ya kishindo kile. Nadharia hii inaeleza jinsi dhana inavyoingia akilini, wala haielezi kwa nini dhana moja hufutika kulipokucha na nyingine ikadumu vizazi ishirini, ikafa mtu kwa ajili yake.

Nadharia ya tatu inatuhusu sisi kwa jina, na kwa hiyo nitakaa nayo. Mwaka 1975 Roger Gomm alichapisha katika jarida la Man makala juu ya kupandwa na pepo katika pwani ya kusini ya Kenya, kwa Wadigo, na jina lake peke yake lilitangaza rai ya mwandishi: kwamba huko ni kujadiliana na mwenye nguvu kutoka katika unyonge. Alifuata njia iliyofunguliwa na I. M. Lewis aliyetafiti Wasomali. Kwa muhtasari, mke asiye na sauti mbele ya mumewe hupata sauti kwa ulimi wa pepo. Pepo akipanda kichwani hutaka nguo, hutaka marashi, hutaka ngoma ya kupungwa, na mume asiyemsikiliza mkewe humsikiliza pepo. Wako wazee watakaoghadhibika wakisoma haya, nami nawaomba wasikimbilie ghadhabu, kwa maana mtaalamu huyo alitazama mahali ambapo sisi tulizoea kugeuza uso. Mwanamke anayeugua ugonjwa usio na jina kila mara mumewe anapotaja kuoa mke wa pili, au kila anaponyimwa matumizi, anatuambia jambo juu ya nyumba yake, na jamaa wanaoita fundi, ubani na ngoma bila kuuliza kuhusu nyumba hiyo wamemdhulumu mara mbili.

Hata hivyo, kumwambia mwanamke kwamba ugonjwa wake ni njia ya kupata kanga ni kumdhulumu mara ya tatu. Lau unyonge ndio ungekuwa sababu iliyotosha, basi kila mnyonge angepandwa, na wanawake wengi wa Kwale waliobeba mizigo mizito katika maisha yao hawakupandwa na pepo hata siku moja. Wako pia wanaume waliopandwa, wenye mashamba na heshima zao. Fauka ya hayo, nadharia ya namna hii humweka mwenye kuamini katika kiti cha mshitakiwa asiyeruhusiwa kujitetea, kwani kila asemalo juu ya Mungu au juu ya pepo hutafsiriwa kuwa ni jambo jingine alilolificha, na yeye mwenyewe hajui kuwa amelificha. E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya Azande, alilikemea kosa hili mwaka 1965: mtaalamu hujiuliza yeye angehisi nini kama angekuwa mtu yule, kisha huandika hisia zake mwenyewe akaziita asili ya dini. Evans-Pritchard alikuwa Mkatoliki, na Barrett niliyemtaja juu ni Mkristo. Wala ilimu yao haikuwazuia kuamini, kwa sababu kujua njia ambayo rai imeingilia moyoni hakuamui kama rai hiyo ni kweli au ni uongo. Waislamu wa pwani wasishtuke wakisikia kwamba mtoto ana maumbile ya kuelekea imani. Wamefundishwa chuoni, katika hadithi mashuhuri, kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, na wazazi ndio wampao njia.

Na hao wazazi ndio wanaonifikisha kwenye nadharia niionayo kuwa karibu zaidi na yale ninayoyaona hapa. Joseph Henrich, mwaka 2009, alitoa hoja kwamba mtoto hawezi kuingia ndani ya moyo wa mtu mzima akajua kama anayaamini anayoyasema, na maneno hayana gharama; kwa hiyo akili yake hutazama kile ambacho mtu mzima yuko tayari kukitoa kwa ajili ya maneno yake. Jonathan Lanman, aliyetafiti wasioamini wa nchi za Magharibi, aliendeleza hoja hiyo, akaona kwamba waliokulia mbele ya watu wasemao dini bila kuitenda huiacha kwa wepesi. Mtoto wa Msambweni amemwona bibi yake akiamka gizani kutia udhu kwa maji baridi. Amemwona mvuvi akiacha chombo chake pwani Ijumaa, siku ya samaki wengi, mpaka sala ipite. Amemwona mama mwenye pishi moja ya unga akimpimia jirani asiye nacho. Hakuna aliyemhubiria. Imani iliingia kwa macho kabla haijaingia kwa masikio, na ndiyo maana haikungoja tufani.

Jambo hili laonekana pia katika makaya, misitu yetu mitakatifu. Kaya Kinondo imehifadhiwa na wazee ambao wengi wao ni Waislamu, na mwaka 2008 misitu mitakatifu ya Mijikenda iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Lakini msitu ulikuwa umekwisha kuhifadhiwa kabla UNESCO haijazaliwa, na watu waliohitaji kuni na mbao wakaziacha zisimame. Hiyo ndiyo gharama iliyomfundisha kijana kwamba mahali pale pana heshima. Pale ambapo vijana waliona sehemu za makaya zikigeuka viwanja, na hoteli ikajengwa katika kisiwa cha Chale, heshima ilipungua, wala haikupunguzwa na somo la sayansi. Ilipunguzwa na hati ya ardhi.

Imani iliyokusanywa kwa gharama hivyo huweza pia kuibwa, nami sitaki kulifunika hili. Usiku wa Agosti 13, 1997, mwaka wa uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni na kivuko vilivamiwa, na katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu wakakimbia nyumba zao. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi ilisikia habari za vijana waliolishwa kiapo Kaya Bombo, wakaahidiwa kinga dhidi ya risasi. Ni wepesi kusema kuwa waliamini hirizi kwa ujinga au kwa khofu. Vijana wale walikuwa na machungu ya kweli ya ardhi na kazi, na aliyewakusanya kaya alijua kwamba mahali hapo pana amana iliyowekwa na vizazi vya watu waliojinyima. Akaitumia amana ya wengine. Waliokula kiapo ndio waliotangulizwa mbele ya bunduki, na wale ambao ghasia ziliwafaa hawakusimama nao.

Kwa hiyo wanafunzi wa ilimu ya nafsi wa Chuo Kikuu cha Pwani, au wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, wakishuka kuja kwetu na madaftari yao, ningewasihi waje katika miezi ya kaskazi, wakati bahari imetulia na watu wameshiba. Wasianze kwa kumwuliza mama wa Gazi anaogopa nini. Wamwulize alimwona nani akisali alipokuwa mdogo, na mtu huyo alitoa nini kwa ajili ya sala yake, na jibu liandikwe kwa Kidigo chake lote kabla halijatafutiwa nadharia.